Goti Likikatika Ligamenti: Miezi Tisa ya Mguu, Wiki Sita za Mshahara

Ijumaa ndiyo siku ya magoti. Wiki nzima watu wamefunga nondo, wamepanda ngazi, wamesugua vigae vya nyumba za watu, halafu Ijumaa jua likishapoa kila kiwanja cha vumbi Industrial Area kinajaa. Mtu anageuka na mpira, mguu umebaki umekanyaga palepale, mwili umeshazunguka. Kitu kinalia ndani ya goti kama mti mbichi unaovunjwa. Ndani ya saa chache goti limevimba kama embe dodo. Kesho yake basi la saiti linaondoka saa kumi na moja alfajiri na yeye yumo, kavaa soksi ya goti ya dukani, hajamwambia mtu.

Huyo ndiye ninayezungumza naye leo, pamoja na yule aliyeanguka kwenye jukwaa la ujenzi na dada aliyeteleza kwenye ngazi ya jikoni na ndoo mkononi. Mimi ni mtu wa hesabu, si daktari. Lakini kwa goti huwezi kupanga pesa bila kuelewa kinachotokea ndani yake, maana kalenda ya goti na kalenda ya mshahara haziendi pamoja. Goti linaweza kudai miezi tisa. Mshahara wa ugonjwa wa kawaida hapa Qatar unaisha wiki ya sita.

Kilichokatika ni nini

Goti linashikwa na ligamenti nne kubwa, kamba ngumu zinazofunga mfupa na mfupa. Mbili ziko pembeni, ya ndani na ya nje. Mbili ziko katikati, zimepishana kama msalaba. Ile ya mbele kwenye huo msalaba ndiyo ACL, herufi tatu ambazo kila shabiki wa mpira anazijua na kuziogopa. Inazuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele, na inalishika goti unapogeuka ghafla. Ya pembeni kwa ndani ikichanika, mara nyingi inapona yenyewe kwa kifaa cha kushikilia goti na mazoezi. ACL ikikatika kabisa, kwa kawaida haijiungi ikarudi kama zamani.

Tatizo linaanzia hapa: eksirei haionyeshi ligamenti. Unapigwa picha, unaambiwa hakuna mfupa uliovunjika, unapewa dawa ya maumivu, unarudi kazini. Wiki ya tatu uvimbe umeshuka na unajiona umepona. Halafu siku moja unashuka ngazi, goti linalegea lenyewe. Kwa hiyo ukisikia mlio, goti likavimba ndani ya saa chache, na baadaye likawa linakutoka, usiridhike na eksirei peke yake. Mwambie daktari maneno hayo hayo: lililia, lilivimba haraka, linanitoka. Daktari wa mifupa anaweza kuigundua ACL iliyokatika kwa kuuvuta mguu kwa mikono yake, na kipimo cha MRI kinathibitisha. MRI inaonyesha pia kama menisko, yaani ile gegedu inayokaa kama mto kati ya mifupa, imechanika.

Kuna hali moja ambayo haisubiri miadi. Ukianguka kutoka juu na goti likahama mahali pake, ligamenti kadhaa zinaweza kukatika kwa mpigo, na mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma ya goti ukaumia. Mguu ukiwa baridi, umepauka au umekufa ganzi, piga 999 saa hiyohiyo. Hapo tunazungumza juu ya kuokoa mguu wenyewe, pesa baadaye.

Zege bichi

ACL iliyokatika mara nyingi haishonwi, inawekwa mpya. Daktari anachukua kano kutoka mwilini mwako: zile za nyuma ya paja, au kipande cha katikati cha kano iliyo chini ya pia ya goti pamoja na vipande vidogo vya mfupa kila mwisho, au ile iliyo juu ya pia. Kisha anaingia kwa matundu madogo, kamera tundu moja, vifaa tundu jingine. Anatoboa njia kwenye mfupa wa paja na kwenye muundi, anapitisha kano pale ilipokuwa ligamenti, anaikaza kwa skrubu au kitufe kidogo cha chuma. Menisko ikiwa imechanika anaishughulikia wakati huohuo. Wengi wanatoka hospitali siku hiyohiyo au kesho yake, wakiwa na magongo.

Aliyewahi kumwaga zege ataelewa kinachofuata. Siku ya pili zege linaonekana limesimama, lakini hulipandishi mzigo. Kano mpya iko hivyo hivyo, tena ina vituko zaidi, kwa sababu mwili unaanza kwa kuidhoofisha kabla ya kuijenga. Mishipa ya damu inaingia polepole, na kano inageuka kuwa kama ligamenti kwa muda wa miezi mingi. Kwa hiyo mwezi wa pili na wa tatu, wakati maumivu yameisha na unatembea bila gongo, ndipo kamba yako bado dhaifu. Foromani anakuona unatembea vizuri. Wewe mwenyewe umechoka kukaa kambini. Hapo ndipo watu wanarudi kubeba saruji.

Angalia wenye pesa wanavyofanya. Virgil van Dijk wa Liverpool aliumia tarehe 17 Oktoba 2020, akarudi kwenye ligi Agosti 2021, miezi kumi. Neymar aliumia tarehe 17 Oktoba 2023, akarudi uwanjani tarehe 21 Oktoba 2024, mwaka mzima na siku kadhaa. Hawa wana madaktari wao, wapishi wao, na mtu wa mazoezi anayewasubiri kila asubuhi.

Na utafiti mmoja mkubwa kuhusu jambo hili umefanyika hapa hapa Doha. Aspetar, hospitali ya michezo iliyofunguliwa 2007 ndani ya Aspire Zone, iliwafuatilia wachezaji 158 wa kulipwa, wanaume, waliofanyiwa upasuaji wa ACL. Matokeo yalichapishwa 2016. Waliorudi uwanjani bila kufaulu vipimo sita walivyowekewa, vya nguvu ya misuli, kuruka kwa mguu mmoja, kukimbia na kugeuka, na mazoezi ya uwanjani, walikuwa na hatari mara nne zaidi ya kuikata tena ile kano mpya. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, wa Norway na Marekani, ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja wa kusubiri, mpaka ufike mwezi wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu.

Wengi wetu hatutaingia mlango wa Aspetar kama wagonjwa. Fundi wa saiti ataanzia kituo cha afya cha wafanyakazi, kisha hospitali za Hamad, kama ile ya Hazm Mebaireek iliyojengwa Industrial Area kwa ajili ya wafanyakazi wa kiume. Lakini somo lile linatuhusu hata zaidi. Mchezaji kano ikikatika tena anaanguka kwenye nyasi. Wewe unaanguka kutoka ghorofa ya nne.

Je, lazima upasuliwe?

Si lazima kila mtu. Uswidi walifanya jaribio na vijana 121 wenye ACL iliyokatika, wanaopenda michezo lakini si wa kulipwa. Nusu walipasuliwa mapema. Nusu nyingine, watu 59, walianza na mazoezi ya tiba tu, na aliyeona goti bado linamsumbua alipasuliwa baadaye. Baada ya miaka miwili, 36 kati ya hao 59 walikuwa hawajahitaji kisu. Baada ya miaka mitano, 30 walikuwa wameshapasuliwa na waliobaki bado hawajapasuliwa. Kwa wastani hali ya magoti katika makundi yote mawili ilikuwa sawa.

Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanakopa pesa ya upasuaji kabla hata hawajajaribu miezi mitatu ya mazoezi. Lakini nisomwe vizuri: wale vijana walifanya mazoezi chini ya usimamizi, kwa bidii, na hawakuwa wanapanda jukwaa na bomba la chuma begani. Kama goti linakutoka na kazi yako iko juu, hiyo ni hoja nzito ya kupasuliwa. Kama wewe ni dereva au unakaa getini, hoja ni nyepesi. Mweleze daktari kazi yako hasa ni ipi. Neno "leba" peke yake halimwambii kitu.

Na ukiambiwa usubiri wiki kadhaa kabla ya upasuaji, usidhani umetupwa. Goti lililovimba na lisilonyooka likipasuliwa haraka linaweza kukakamaa. Wanataka kwanza uvimbe ushuke na mguu unyooke sawasawa. Wiki hizo zina maana kubwa ya pesa, nakuja hapo sasa hivi.

Swali la riyali 7,600

Tuchukue mfano wa mshahara wa riyali 1,500 kwa mwezi, malazi na chakula juu ya kampuni. Ni riyali 50 kwa siku.

Umeumia mpirani Ijumaa. Kwa Sheria ya Kazi namba 14 ya 2004, hiyo ni ruhusa ya ugonjwa wa kawaida, na unaipata ukishamaliza miezi mitatu kazini. Wiki mbili za kwanza mshahara kamili: riyali 700. Wiki nne zinazofuata nusu mshahara: riyali 700. Baada ya hapo hakuna kitu. Ukikaa wiki sita umepata 1,400. Ukikaa miezi sita umepata 1,400 hiyohiyo. Na ikifika mwisho wa wiki ya kumi na mbili, ripoti ya daktari ikisema huwezi kurudi kazini, mwajiri anaruhusiwa kukuachisha, kwa kukulipa haki zako za mwisho wa kazi.

Umeumia kazini. Sheria ileile inasema mwajiri analipia matibabu yanayofaa, na mshahara wako unaendelea kamili mpaka matibabu yaishe au mpaka miezi sita, kipi kinatangulia. Miezi sita ni riyali 9,000. Ikipita hapo unalipwa nusu mpaka upone au ithibitike kwamba una ulemavu wa kudumu.

9,000 toa 1,400 ni 7,600. Kwa kiwango cha 3.64 kwa dola, ni zaidi ya dola 2,000. Hiyo ndiyo bei ya jibu la swali moja utakaloulizwa ukifika hospitali: uliumia wapi?

Sikufundishi kudanganya. Ukiumia mpirani ukasema ni kazini, polisi wanahusishwa na uongo huo utakurudia. Ninachosema ni kinyume chake. Ukianguka saiti na mtu akakuambia njiani, "sema tu ulikuwa unacheza mpira, tusiwe na makaratasi mengi," hiyo sentensi ina bei, na sasa unaijua. Ukishaitamka na ikaandikwa kwenye faili, kuifuta ni kazi ya miezi. Ajali ya kazini inapaswa kuripotiwa na mwajiri mara moja kwa polisi na kwa idara ya kazi. Omba nakala, au angalau piga picha karatasi kwa simu: tarehe, saa, mahali, majina ya waliokuwepo.

Watu wengi hawajui kwamba safari ya kwenda kazini na kurudi nayo imo. Basi la kampuni likipata ajali na goti lako likaumia, hiyo ni ajali ya kazi, alimradi safari ilikuwa ya moja kwa moja, hukupitia kwingine. Na wale mnaovaa jezi ya kampuni kwenye Workers Cup, mashindano ya wafanyakazi yaliyoanza hapa 2013, ulizeni kabla ya mechi ya kwanza: nikiumia, nani analipa na ni ruhusa gani? Jibu liwe kwa maandishi. Meneja anayepiga makofi Ijumaa si lazima awe ndiye anayesaini Jumapili.

Sasa zile wiki za kusubiri upasuaji. Ruhusa yako ya ugonjwa ni bajeti, ina wiki sita tu za pesa kwa mwaka. Ukizimaliza ukiwa umelala kambini unasubiri uvimbe ushuke, utapasuliwa ukiwa umebaki na sifuri. Kama daktari anakubali, omba cheti cha kazi nyepesi kwa muda huo: stoo, ukaguzi wa vifaa, kazi ya kukaa. Si kila kampuni inakubali, lakini karatasi ya daktari inabeba uzito kuliko ombi la mdomo. Baada ya upasuaji, kazi ya kukaa watu wanarudi kwa wiki chache. Kazi ya kubeba na kupanda, hesabu miezi minne hadi sita, wengine zaidi.

Kwa dada na kaka wa majumbani

Ninyi mna sheria yenu, namba 15 ya 2017. Inamtaka mwajiri akupatie matibabu na dawa ukiugua au ukiumia, bila wewe kubeba gharama. Na kwa ajali za kazini inaipeleka fidia yako kwenye ileile Sheria ya Kazi inayomlinda fundi wa saiti. Kuteleza kwenye sakafu unayoipiga deki ni ajali ya kazini. Kuanguka na mtoto wa watu kwenye ngazi, vilevile. Siku za ruhusa ya ugonjwa zisome kwenye mkataba wako.

Najua ugumu wenu uko kwingine. Hakuna HR, hakuna shahidi, na madam ndiye anayeamua kama leo mnakwenda hospitali au la. Mtumie ujumbe wa simu siku hiyohiyo, wa adabu tu: "Madam, leo saa nne asubuhi nimeanguka kwenye ngazi, goti limevimba, naomba kupelekwa hospitali." Ujumbe una tarehe na saa. Huo ndio shahidi wako. Mtumie na dada au rafiki picha ya goti.

Ulemavu ukibaki

Kwa wengine goti halirudi lote. Kama ni ajali ya kazi, bodi ya madaktari inapima asilimia ya ulemavu wa kudumu, na fidia inahesabiwa kwa asilimia hiyo kutoka riyali 200,000, ambayo ndiyo fidia ya kifo. Ukipimwa asilimia 10, ni riyali 20,000. Madai haya yana mwisho: mwaka mmoja tangu ripoti ya mwisho ya daktari. Na kukataa bila sababu kupimwa au kutibiwa kunaweza kukunyima fidia. Kwa hiyo miadi ya mazoezi ya tiba usiiruke kwa sababu goti "limeshapoa".

Kurudi nyumbani kupasuliwa

Wengi wanafikiria hivi, na si wazo baya. Magoti ya aina hii yanapasuliwa Dar es Salaam pale MOI, Muhimbili, na Nairobi pia. Nyumbani kuna mama wa kupika uji na mdogo wako wa kukushika mkono ukienda bafuni. Lakini hesabu vitu vitatu kabla ya kukata tiketi.

Cha kwanza ni ukaazi. Ukikaa nje ya Qatar zaidi ya miezi sita bila kibali maalumu, ukaazi wako unapotea. Goti la kazi nzito linaweza kuhitaji miezi sita au zaidi. Ongea na kampuni kabla hujaondoka, siyo ukiwa kule na simu haipokelewi.

Cha pili ni bei. Hospitali ikikutajia bei ya upasuaji, uliza kama ndani yake kuna dawa ya usingizi, skrubu, kitanda, kifaa cha kushikilia goti, na mazoezi ya tiba mara ngapi. Hayo mazoezi ndiyo yanayosahaulika kwenye makadirio, na ndiyo nusu ya matibabu. Kama pesa inatosha upasuaji lakini haitoshi mazoezi, pesa haijatosha. Mengi ya mwezi wa kwanza hayahitaji mashine: kukaza msuli wa paja, kuinua mguu ulionyooka, kuvuta kisigino taratibu kitandani. Lakini lazima mtu anayejua akuonyeshe na akusahihishe.

Cha tatu, kama umepasuliwa hapa na unataka kwenda kupumzika nyumbani, muulize daktari lini uruke. Safari ndefu mguu ukiwa haujasogea inaweza kugandisha damu kwenye ndama ya mguu. Ondoka na MRI kwenye CD, ripoti ya upasuaji inayosema ni kano gani ilitumika, na ratiba ya mazoezi. Na ukirudi Doha, usibebe tramadol ya nyumbani kwenye begi bila karatasi ya daktari. Hapa ni dawa inayodhibitiwa.

Pesa ya goti

Kwa mshahara ule wa 1,500, wiki kumi na mbili za kukaa kwa jeraha la mpirani zinakupunguzia riyali 2,800: ungepata 4,200, unapata 1,400. Ukiweka riyali 150 kila mwezi unaifikia baada ya miezi kumi na tisa. Iweke kando ya pesa ya kiwanja na ya ada, kwenye akaunti ambayo watu wa nyumbani hawaijui salio lake.

Kama goti limekwisha kuumia na akiba haipo, piga simu nyumbani mapema na utaje tarehe. "Mwezi huu nitatuma kawaida, mwezi ujao nusu, miezi miwili inayofuata sitatuma." Mzee atalalamika, lakini atapanga. Na kwenye chama au upatu, waambie wenzako kabla ya zamu yako kufika, mbadilishane nafasi na mtu wa mbele. Mhasibu wa chama akijua mwezi wa kwanza anaweza kusogeza ratiba. Akijua mwezi wa tatu, hela ya watu tayari imekwama.